Tusizisingizie Mila Wala Ramani

Ndugu zangu, iko hoja iliyozoeleka mno hata wenye akili zao huimeza bila kuitafuna: kwamba demokrasia ni ya Wazungu wa nchi za baridi, na kwamba mila zetu na mahali tulipo havituruhusu. Hoja hiyo si ya jana. Mfaransa Montesquieu aliandika mwaka 1748 kwamba joto huwalegeza watu, wakawa wepesi wa kutawaliwa kitumwa. Leo wanaoipenda zaidi ni watawala, hasa wale ambao muda wao umekwisha na kiti bado kitamu.

Itazameni Korea. Mpaka mwaka 1945 ilikuwa nchi moja: lugha moja, mababu wamoja, mafunzo yale yale ya mwanafalsafa wa Kichina Confucius juu ya kumtii mkubwa. Mataifa makubwa yakaigawa katika latitudo ya 38. Kaskazini, utawala umerithiwa kutoka babu hadi mjukuu. Kusini nako, tusidanganyane, wanajeshi walitawala miaka mingi, na mwanasiasa Kim Dae Jung alihukumiwa kifo mwaka 1980. Lakini Juni 1987 wananchi walijaa barabarani mpaka wakapewa haki ya kumchagua rais wao wenyewe, na mwaka 1997 huyo huyo aliyeponea chupuchupu kitanzi akachaguliwa. Kabla ya hapo, mwaka 1994, Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa zamani wa Singapore, aliposhikilia kwamba Waasia wana utamaduni wao, Kim alimjibu kwa maandishi. Alimkumbusha Mencius, mfuasi wa Confucius, aliyefundisha zamani sana kwamba mfalme dhalimu aweza kuondolewa. Kumbe ghala la mila lina kila kitu ndani. Shida ni nani ameshika ufunguo.

Usiku wa tarehe 3 Desemba 2024, Rais Yoon Suk Yeol wa Korea Kusini alitangaza sheria ya kijeshi. Askari wakaletwa kwa helikopta, wakavunja madirisha ya bunge. Watumishi wakarundika viti na makochi milangoni, wakawapulizia askari mitungi ya kuzimia moto. Spika, mtu wa miaka 67, aliparamia uzio ili aingie kazini. Kabla hapajapambazuka wabunge 190 kati ya 300 walikuwa ukumbini, na wote wakapiga kura kuipinga amri ile. Utii wa Kiasia ulilala wapi usiku huo?

Karibu na kwetu iko Botswana: jangwa, haina bahari, na ilipopata uhuru mwaka 1966 ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani, imepakana na Makaburu. Wana kgotla, baraza ambamo chifu husikiliza watu kabla ya kukata shauri. Limewasaidia, sikatai. Lakini zamani wanawake hawakuwa na sauti humo. Ilibidi mila yenyewe inyooshwe. Na mwaka 2024 chama kilichotawala tangu uhuru kiliangushwa hadi viti 4, Rais Masisi akakubali kushindwa, akamkabidhi Duma Boko nchi.

Sisi Watanzania tulikuwa na hoja yetu. Mwalimu Nyerere alitetea chama kimoja kwa kuwataja wazee waliokaa chini ya mti wakajadiliana mpaka wakapatana, na mwaka 1965 chama kimoja kikawa sheria. Picha nzuri, ila wazee wale walijuana kwa majina, na aliyechukizwa aliweza kufunga virago akahamia kwingine. Raia wa nchi nzima atahamia wapi?

Basi tuache kungoja hali ya hewa ibadilike. Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila miezi mitatu. Nenda, hata kama jua ni kali. Dai mapato na matumizi yasomwe kwa sauti, senti kwa senti, na mwenyekiti akikwambia si desturi yetu kuwahoji wakubwa, mwombe akutajie ni babu gani aliyeianzisha desturi hiyo, kisha urudie swali lako.