Kisitupwe Kabla ya Kufunguliwa

Wasafiri wanaopita Lubao, kaskazini ya mji wa Kakamega kwenye barabara iendayo Webuye, hulisimulia soko lake kwa jambo moja: hapo mbwa huuzwa peupe, kama kuku na mbuzi. Nasi watu wa pwani tulipofika huko hivi karibuni tulisimama tukastaajabu. Walakini kilichotukaa moyoni hakikuwa soko la mbwa. Kilikuwa kisanduku cha plastiki, kimegeuka manjano kwa uzee, juu ya meza ya mwenyeji wetu.

Kilikuwa mtambo wa michezo ya televisheni, ule wa kuchomeka kaseti. Asili yake ni Japani, ambako kampuni ya Nintendo iliutoa mwaka 1983, msanifu wake mkuu akiwa Masayuki Uemura. Uliotufikia Afrika Mashariki katika miaka ya 1990 aghalabu ulikuwa nakala ya bei nafuu kutoka viwanda vingine vya Asia. Baba mwenye nyumba aliucheza ujanani. Sasa mwanawe, kijana wa sekondari ya chini, alitaka uamke. Ukiwashwa, huleta rangi ya kijivu tu, basi.

"Utupe huo," baba alisema. "Hata fundi wa mjini ameukataa."

Kijana akatugeukia. "Mzee, lakini hatujaufungua."

Msomaji mpenzi, neno hilo ndilo lililotutia kalamu mkononi.

Ukafunguliwa. Kwanza adapta ilipimwa kwa mita, ikaonekana nzima. Kisha ikatazamwa kaseti. Mdomoni mwake mna meno ya shaba 60, nayo yalikuwa meusi. Kila aliyekulia na mtambo huu anajua dawa ya mtaani: kupuliza kwa pumzi. Dawa hiyo ni ya uongo. Kinachosaidia kwa kitambo ni kuichomoa kaseti na kuirudisha, ambako hukwangua uchafu kidogo. Pumzi yenyewe hutia unyevu, na unyevu huzaa kutu. Kijana akachovya pamba katika spiriti, akasugua jino kwa jino, pamba ikatoka nyeusi kama wino. Sisi tuliosoma chuoni tulikumbuka tulivyokuwa tukiusafisha ubao kabla ya kuandikiwa aya mpya: kwa upole, bila haraka.

Bado kijivu. Ndipo fundi wa redio aliyeitwa kutoka sokoni alipotikisa tundu la waya wa umeme, na skrini ikapepesa. Lehemu ilikuwa imepasuka kwa miaka ya kuvutwavutwa. Umeme ulikuwa haukifikii sawasawa kile kidude cha miguu mitatu kinachoupunguza hadi volti 5. Akalehemu upya, kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha chai. Muziki ukalia, na baba aliyesema utupwe akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

Sasa tuseme letu. Wapo watakaocheka kwamba ni mchezo wa watoto tu. Hawaoni kilichookolewa. Katika pwani yetu bao huchezwa kwa komwe. Komwe ikipotea, huokotwa kijiwe na mchezo ukaendelea. Ndiyo sababu bao limedumu: mchezaji wake ni fundi wake. Chombo usichoweza kukifungua hujakimiliki, umeazimwa tu, na siku kitakapozimika mwenye duka atakuuzia kingine. Leo vyombo vingi huja vimegandishwa kwa gundi, bila hata parafujo, kana kwamba mnunuzi ni mwizi wa mali yake mwenyewe. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kumtetea mwenye kutaka kitu chake kitengenezwe. Sisi tuliokuwa na desturi hiyo bila sheria tunaiacha ife.

Kenya haina udhuru. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 ilitazama nchi hii ikaona kwamba mafundi wadogo wa vichochoroni si mzigo, bali ni nguvu ya uchumi. Mwaka 1992 serikali ikatoa waraka wake kuhusu jua kali. Na sheria ya taka ya mwaka 2022 inamtaka mtengenezaji awajibike kwa bidhaa yake hata ikishachakaa. Karatasi zipo, heshima ndiyo haba. Fundi wa redio bado huitwa mtu aliyekosa kazi.

Hatusemi kila mtu ashike bisibisi kwa pupa. Televisheni ya zamani, yenye kisogo kirefu, ina umeme unaoua hata baada ya kuchomolewa ukutani. Hiyo aachiwe mjuzi. Bali kisanduku cha volti 5 hakimuui mtoto, ilmradi adapta imechomolewa.

Pendekezo letu ni dogo. Mtaala wa sasa una somo la kuandaa ufundi katika sekondari ya chini. Mwalimu mkuu na amwalike fundi wa sokoni siku moja kwa muhula, alipwe ujira wake, na kila mwanafunzi alete kilichoharibika nyumbani: redio, pasi, tochi. Vingine havitapona. Hata hivyo mtoto atajua kilikufa kwa ugonjwa gani, na kujua huko ndiko elimu.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu leo ni unene wa unywele katika lehemu, na wa kuuziba yuko pale sokoni Lubao, na pasi yake ya kulehemu i moto. Aitwe kabla hajazeeka bila mwanafunzi.