Mzee, usiuze shamba: Kijana hakudanganya

Nilikuwa nimewaahidi kuzungumzia watoto wanaokataa kula, lakini mada hiyo itangoja. Nimepokea barua ambayo haiwezi kukaa hadi Jumapili ijayo.

Imetoka kwa mama mmoja wa sehemu za Kakamega. Mwanawe alipita vizuri mno kidato cha nne, akapata nafasi katika chuo kimoja huko Marekani. Harambee ikafanywa, ng'ombe wawili wakauzwa na kipande cha shamba kikaenda. Siku ya kumsindikiza uwanja wa ndege, jamaa walijaza matatu mbili. Tangu siku hiyo hakuna amwitaye kwa jina lake. Yeye ni 'daktari' tu.

Miaka minne imepita. Kijana amepata shahada ya biolojia, na juzi alipiga simu kusema kwamba masomo ya udaktari hata hajayaanza. Ndiyo kwanza anajitayarisha kutuma maombi. Baba mtu amewaka. Asema wamechezewa shere, maana binamu ya kijana aliyebaki hapa nchini tayari anavaa koti jeupe na kuzunguka wadi. Na bado, mzee huyo huyo amemleta dalali kutazama ekari mbili zilizosalia ili "amalize kazi aliyoianza".

Mama anauliza: Je, mtoto wetu ametudanganya?

La, mama. Ila kuna jambo ambalo huenda aliogopa kuwaambia, nami nitalifikia.

Hapa kwetu mtoto hutoka kidato cha nne akaingia moja kwa moja katika kozi ya udaktari ya miaka sita. Kule Marekani sivyo. Kwanza husomea shahada ya kawaida kwa miaka minne, akihakikisha amepitia biolojia, kemia na fizikia pamoja na kazi za maabara. Baada ya hapo ndipo huomba nafasi ya kusomea udaktari, ambao ni miaka minne mingine. Akihitimu, hufunzwa hospitalini kwa miaka isiyopungua mitatu. Binamu hajamshinda, wamepanda magari tofauti.

Maombi yenyewe si mchezo. Kuna mtihani uitwao MCAT, ambao pamoja na mapumziko humweka mtu kitini kama saa saba na nusu. Alama ya chini kabisa ni 472 na ya juu kabisa ni 528. Fomu za vyuo vingi hupitia afisi moja ya pamoja, ambayo hufungua mlango mwezi Mei kwa wale watakaoanza masomo mwaka unaofuata. Anatakiwa pia kuwa na barua za wahadhiri wanaomfahamu vyema, na awe ametumia muda hospitalini akijitolea na kufuatana na madaktari. Kijana akisema anajitayarisha, basi ana kazi kwelikweli.

Sasa jambo lenyewe. Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havichukui wanafunzi wa kigeni. Vile vinavyowachukua ni vichache, na mgeni hapati mkopo wa serikali ya huko. Vingine humtaka aweke benki karo ya miaka yote minne kabla hajaanza. Katika vyuo vingi vya kibinafsi, karo peke yake hupita dola 60,000 kwa mwaka. Piga hesabu, mzee: kwa miaka minne ni zaidi ya Sh30 milioni, na hapo kijana hajala wala hajalipa nyumba. Ekari mbili hazitafika huko, hata dalali akiwa mwaminifu (na mimi bado sijamwona wa namna hiyo).

Nayasema haya nikiwa na uchungu wangu. Mtoto wa dada yangu alituma maombi kwa vyuo kumi na vinne bila kuuliza ni vipi vinavyopokea wageni. Alilipia kila kimoja. Kumi na kimoja kati yavyo havikuwa vikimchukua mgeni yeyote. Aliijua habari hiyo baada ya pesa kwenda, na kwa miezi mitano alituambia kwamba "bado wanafikiria". Mtoto aliyeitwa daktari akiwa na miaka kumi na tisa atawezaje kusema mlango umefungwa?

Kwa hivyo msimuulize ataanza lini. Muulizeni ni vyuo vingapi katika orodha yake vinavyochukua wageni, na kati ya hivyo ni vingapi vinavyotoa msaada wa karo. Muulizeni kama amekaa na mshauri wa chuo chake kuhusu jambo hili. Viza je? Mwenye shahada huweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi ya fani yake kwa miezi 12, na wa sayansi huweza kuongezewa 24. Akiipata, anaweza kufanya kazi ya maabara na kujipanga bila pupa.

Nasema bila pupa kwa sababu wapo mawakala wanaotangaza vyuo vya udaktari vya kila namna, ilmradi ulipe haraka. Msitoe hata senti kabla ya kuuliza baraza la madaktari hapa nchini iwapo shahada ya chuo hicho inatambuliwa. Na akitaka kurudi aombe nafasi huku nyumbani, mimi sioni aibu yoyote hapo. Jirani watasema siku mbili tatu, kisha watapata habari nyingine.

Mama, dalali mwambieni arudi kwake. Kijana mpigieni leo saa kumi na mbili jioni, kule itakuwa bado ni mchana. Mzee ndiye aanze kuzungumza, na amwite kwa jina lake.