Bweni Halijengi Udugu wa Masomo

Mzazi wa Kathonzweni, Makueni, akisikia mwanawe amepata nafasi Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kile kilichopewa hati mwaka 2023 na chenye makao yake Konza, huuliza kwanza bweni liko wapi. Akiambiwa halipo, kwamba mtoto atasomea nyumbani kwa simu au kompyuta, huingiwa na huruma. Atasoma na nani? Hata wahadhiri wanaamini hivyo: udugu wa chuoni huletwa na geti, bweni na foleni ya mesi, na asiye na hivyo atasoma mkiwa.

Imani hiyo ni potofu, na inawaumiza wanafunzi wa pande zote mbili, walio bwenini na wanaosomea nyumbani.

Bweni huwalaza watu, haliwaunganishi. Kwenye ukumbi uliofurika, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kumaliza muhula bila mhadhiri kumwita kwa jina hata mara moja. Akitoweka wiki tatu, nani atajua? Tukishaamini kwamba kuta zinatosha, hatuoni haja ya kumtafuta.

Watu wa Makueni wana ushahidi mashambani mwao. Matuta ya fanya juu yaliyoziokoa ardhi za miteremko hapa na Machakos yalichimbwa kwa sehemu kubwa na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi kwa zamu. Watu hutoka maboma mbalimbali, wakakutana shambani kwa mmoja wao, kila mtu akashika kipande chake cha mtaro. Udongo hutupwa upande wa juu, ukawa tuta la kuzuia maji. Siku nyingine ni zamu ya shamba la mwenzake. Jioni kila mtu hurudi kwake. Kinachowafunga pamoja ni kwamba kila mmoja ana kipande chake, na kipande kikiachwa, mvua inapopiga maji hupasukia hapo hapo. Asiyefika huulizwa.

Kusoma pamoja kunataka hayo hayo. Open University ya Uingereza ilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, waliosoma kwa posta, redio na televisheni, iliwapangia wakufunzi na vikundi vidogo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kilijenga vituo mikoani. Waanzilishi wa vyuo hivyo walijua kwamba udugu hauoti wenyewe, huandaliwa.

Kwa hiyo siwatetei wanaodhani wamemaliza kazi wakishafungua kundi la WhatsApp. Kundi la mamia ya watu, ambamo hupita matangazo ya karo na salamu za asubuhi, ni bweni la aina nyingine tu. Mwanafunzi aliyekwama kwenye takwimu hathubutu kuuliza humo.

Ninachodai kinawezekana. Wanafunzi wagawiwe vikundi vya watu watano au sita tangu wiki ya kwanza, wapewe kazi ambayo mmoja hawezi kuikamilisha peke yake. Walio Kathonzweni wapate chumba kimoja pale sokoni chenye umeme na intaneti, wakutane hata Jumamosi moja kwa mwezi. Naye mhadhiri ampigie simu aliyenyamaza kabla hajaacha masomo. Saa anazotumia kumtafuta ni saa za kufundisha: ziingizwe kwenye ratiba yake, na alipwe.