Mkataba wa Mali ya Umma Si Siri ya Wachache

Allah (s.w.), katika aya ya 282 ya Suratul-Baqara, ametuamrisha tuandike tunapokopeshana, tena tuweke mashahidi, na tusichoke kuandika hata deni likiwa dogo. Basi tunauliza: ikiwa deni la watu wawili halikosi shahidi, vipi dhahabu ya taifa zima ichimbwe kwa mkataba ambao wenye mali hawajapata kuuona?

Hatuulizi bila sababu. Februari 2007, mkataba wa mgodi wa Buzwagi ulitiwa saini London. Ardhi ilikuwa Kahama, kalamu ikawa Uingereza. Agosti mwaka huo Mbunge wa Kigoma Kaskazini, Zitto Kabwe, alipotaka iundwe kamati teule ya Bunge kuuchunguza, alisimamishwa yeye. Hata hivyo, Novemba iliundwa Kamati ya Jaji Mark Bomani kupitia sekta ya madini, na Zitto akawa mjumbe wake. Sheria ya Madini ya 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4, na mwaka 2017 ukafikishwa asilimia 6. Kumbe swali lililoadhibiwa lilikuwa na maslahi kwa taifa.

Wapo wanaodai kwamba mikataba ni siri ya biashara na kwamba masharti makali huwafukuza wawekezaji. Hoja hiyo haisimami. Sheria ya mwaka 2015 ya uwazi katika madini, mafuta na gesi asilia inamtaka Waziri aitangaze mikataba hiyo. Na sheria zilipokazwa mwaka 2017, Barrick haikufunga virago, bali Januari 2020 ilikubaliana na Serikali kuhusu Kampuni ya Twiga, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16.

Lakini siri haikai kwa wakubwa peke yao. Halmashauri zetu hupokea ushuru wa huduma kutoka migodini. Tena, tangu 2017, kila mgodi wapaswa kukubaliana na halmashauri mpango wa mwaka wa wajibu wake kwa jamii. Humo ndimo yalimo madarasa, visima na zahanati zetu.

Kwa hiyo tunawanasihi waumini wa Geita, Kahama na Shinyanga: katika mkutano ujao wa kijiji au mtaa, ombeni kwa adabu mpango huo usomwe hadharani. Kimepangwa nini? Kimejengwa wapi? Kwa shilingi ngapi? Aliyeitunza amana hachelei kuulizwa, na anayekasirishwa na swali ndiye wa kuulizwa mara ya pili.

Wabillahi Tawfiq.