Samaki mwenye haya apewe maficho kwanza



Wiki hii tuongee juu ya samaki wa kufugwa ndani ya kioo. Siku ya tatu watoto hulalamika: "Mama, samaki haonekani!" Mkono unaingia majini, mawe yanaondolewa. Samaki anaingiwa na woga, anaacha kula, mwishowe anakufa.

Tunasema juu ya gogogo mdogo wa Ziwa Tanganyika, ndugu wa kambale. Wataalamu humwita Synodontis petricola, yaani mkaaji wa miambani. Ana madoa meusi, na urefu wake ni kama sentimita 10. Mchana hujificha, magaribi hutoka kutafuta chakula. Si ugonjwa, ndivyo alivyoumbwa.

Mpatieni maficho. Goma hatukosi mawe, lakini ya volkano yana makali, na gogogo hana magamba. Ngozi yake huchubuka. Chungu kilichovunjika, kingo zake zikisuguliwa, ni bora. Wekeni watatu au zaidi, maana akiwa peke yake woga huzidi. Maji ya bidoni 5 za litre 20 yanatosha kuanza. Chakula mpeni jioni, kidogo, kile kinachozama.

Maji tuliyotia klori hutulinda sisi, lakini huua samaki. Yaacheni katika ndoo wazi siku mbili kwanza. Kila wiki badilisheni robo tu. Umeme ukikatika, msimlishe. Choteni maji kwa kikombe na kuyamimina toka juu ili hewa iingie.

Kumhamisha, tumieni bakuli. Wavu hunasa miiba yake.

Mkimchoka, mpeni jirani. Msimtupe Ziwa Kivu. Sambaza tunaokula waliletwa kutoka Tanganyika miaka ya 1950, na leo wamejaa ziwa zima. Samaki mgeni akishazaana, hakuna wa kumrudisha.

Sisi walimu tunapokea darasani watoto waliokimbia vita, wanaokaa nyuma kimya. Ukimlazimisha mmoja kusema mbele ya wote, anazidi kujificha. Ukimpa nafasi yake na rafiki mmoja wa kukaa naye, siku moja atainua mkono mwenyewe. Mtoto anayejua kumngojea gogogo mpaka magaribi atajua pia kumngojea mwenzake. Tuwafundishe hivyo nyumbani.