Mdhamini Mwenza: Saini Inayobeba Mzigo wa Miaka

Mwamini wa Fumba ambaye mumewe au mkewe anaishi Marekani ana haki ya kutamani kuishi naye chini ya paa moja. Hati ya Haki za Familia, iliyotolewa na Kiti Kitakatifu mwaka 1983, inaitaja haki hiyo ya familia za wahamiaji katika kifungu cha 12. Lakini maombi mengi hukwama penye kipato, na hapo ndipo hutafutwa mdhamini mwenza.

Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1996, anayemwombea jamaa yake ukaazi hutia saini hati ya udhamini na kuonesha kipato kisichopungua, kwa kawaida, asilimia 125 ya kiwango rasmi cha umaskini. Mwaka 2025, kwa kaya ya watu 4, hizo zilikuwa takriban dola 40,187 kwa mwaka. Asiyefikia huruhusiwa kumleta mtu mwingine, hata asiye ndugu, mradi awe raia au mkaazi wa kudumu, ametimiza miaka 18 na anaishi Marekani. Kipato cha huyo kitoshe peke yake, kwa kaya yake pamoja na wageni anaowadhamini. Mwombaji naye hasamehewi hati yake.

Tunasikia watu wakisema, "Ni saini tu." Sivyo. Hii si barua ya utambulisho kama ile ya paroko, ni mkataba. Mgeni akipokea misaada fulani ya umma iliyowekwa kwa ajili ya maskini, serikali inaweza kumdai mdhamini, na mgeni mwenyewe anaweza kumshitaki ili amtunze. Talaka haiufuti wajibu huo. Huendelea hadi mgeni awe raia, au ahesabiwe robo 40 za mwaka za kazi, yaani kama miaka 10, au afariki, au aache ukaazi na kuondoka. Yoshua bin Sira, katika sura ya 29, anamsifu anayemdhamini jirani yake, na papo hapo anakumbusha kwamba udhamini umewaangamiza wengi. Kwa maoni yetu, anayeomba saini bila kueleza haya anamdhulumu mwenzake, hata kama ni ndugu wa jumuiya moja.

Wengine huuliza kama nyumba ya Fumba yaweza kuziba pengo. Yaweza, ikiwa inauzika ndani ya mwaka mmoja na fedha zake zinaweza kutolewa nchini. Thamani yake iwe mara 3 ya pengo kwa mke au mume wa raia, na mara 5 kwa wengine wengi. Kiwanja ambacho hati zake bado zina jina la marehemu babu hakitasaidia sana.

Tangu tarehe 21 Januari 2026, Marekani ilisitisha utoaji wa viza za ukaazi kwa raia wa nchi 75, Tanzania ikiwamo, kwa hoja kwamba huenda wakawa mzigo kwa hazina ya umma. Mdhamini, hata awe tajiri, haondoi usitishaji huo. Anayewauzia wadhamini kwa ahadi hiyo anawaibia. Tena mdhamini anaweza kuiondoa hati yake kabla viza haijatolewa. Kwa hiyo, katika kungoja huku, familia imrudie aliyekubali zamani, imuulize hali ya kazi yake na ya nyumba yake, na kama bado yu tayari.