Nane ya Mama na Nane ya Mfamasia

Mama yangu ana umri wa miaka sabini na miwili na makao yake ni Witeithie, kando ya barabara kuu iendayo Thika. Jina la mji huo kwa Kikuyu ni amri: jisaidie mwenyewe. Naye huitii. Dawa zake za shinikizo la damu na za kisukari hataki kukumbushwa na mtu.

Mwaka jana nilimnunulia kisanduku cha plastiki chenye vyumba kumi na vinne, viwili kwa kila siku ya juma. Wazee wa pwani wana neno kijaluba, yaani kikebe kidogo cha kutilia tambuu au ugoro, nami sioni kwa nini tutafute jina jingine.

Haukupita mwezi akalalamika kwamba tumbo linamsokota na usingizi umempotea. Nilipochunguza nikaona bahasha ya dawa iliyoandikwa kwa kalamu: "8 – 8". Mama alisoma tarakimu hizo kama zinavyosomwa kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, yaani saa nane. Kidonge cha kwanza alimeza saa nane mchana. Cha pili, saa nane usiku, akiwa ameamshwa na kengele ya simu. Mwandishi wa bahasha alikusudia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Muda baina ya vidonge ulibaki ule ule, saa kumi na mbili, lakini metformin humezwa pamoja na chakula ili isisumbue tumbo, na saa nane usiku ni nani alaye isipokuwa bawabu?

Kijaluba nacho hakikumwokoa. Kifuniko chake kilikuwa na herufi za Kiingereza, S mbili na T mbili. Mwanafunzi mwenye haraka atasema tutafsiri. Na ajaribu. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano: J tano mfululizo, kisha A na I. Lugha inayozihesabu siku zake haiwezi kuzifupisha kwa herufi moja.

Tatizo la kusahau dawa si la wazee peke yao. Katika miaka ya 1960 David Wagner, mhandisi wa jimbo la Illinois, Marekani, alitengeneza kibweta cha vidonge vya kupanga uzazi kwa kuwa yeye na mkewe walikuwa wakibishana iwapo cha siku hiyo kimekwisha kumezwa. Alipata hataza mwaka 1964. Ubora wa kifaa chake ulikuwa huu: kilijibu swali kwa lugha ya aliyeuliza.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ilhali bahasha ya dawa bado huandikwa "1 × 3" kana kwamba mgonjwa ameketi katika somo la hisabati. Akibahatika kutafsiriwa, ataambiwa "kimoja kutwa mara tatu". Kutwa ni tangu asubuhi hadi jua lichwe. Anayekielewa Kiswahili barabara atavibana vidonge vitatu mchana, na usiku kucha akae bila dawa. Mkosaji hapo ni nani?

Walimu wenzangu, badala ya kuwapa wanafunzi barua nyingine ya kuomba kazi, waambieni walete bahasha tupu za dawa kutoka nyumbani, waziandike upya: saa mbili asubuhi, baada ya chai. Wachore jua na mwezi kwenye vifuniko, na siku waziandike kwa ukamilifu. Wamuulize mfamasia pia, kwa maana si kila kidonge huhamishwa. Vile vya moyo vya nitrogliserini, vinavyowekwa chini ya ulimi, hubaki katika chupa yake. Na watoto wadogo wasikifikie kijaluba.

Cha mama sasa hujazwa kila Jumapili jioni na mpwa wangu wa Gredi ya Saba, bibi akisimamia. Jua na mwezi alivikubali. Siku alizikataa, akasema zianze Jumatatu, kwani Jumapili yeye huenda kanisani na hataki kuanza juma kwa kuhesabu vidonge.